Bi Mwanakheri Alipokataa kwa Adabu

Ugenini huulizwi mara mbili. Mmeisikia methali hii asubuhi shangazi yenu alipomuaga mwanawe Idi anayesafiri, mkaniuliza imetoka wapi. Wahenga wa kale hawaijui, wanangu. Ilitoka kwa Bi Mwanakheri wa Pangani, na chanzo chake ni hiki.

Bi Mwanakheri alikuwa hatembei tangu ajali ya gari, lakini hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Kwa kiti chake cha magurudumu alikwenda sokoni, matangani na harusini, na aliyemsukuma bila ruhusa alijuta. Siku moja bintiye Raya akampigia simu kutoka Ulaya. Uzazi wa kwanza nusura umuue, na wa pili ulikuwa umekaribia. Mumewe baharia alikuwa safarini.

"Mama, mara hii siwezi peke yangu," alisema. "Nataka uwe nami chumbani."

Bi Mwanakheri akaahidi.

Safari ilikuwa ya ndege mbili. Kiti chake kilipakiwa pamoja na mizigo, asikione tena mpaka mwisho wa safari. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege alikalishwa kwenye kiti cha uwanja, ambacho magurudumu yake ni madogo na yako chini kabisa, aliyekaa hayafikii. Mfanyakazi mmoja mpole akamsukuma hadi mahali pa kusubiri, akafunga breki, akamuuliza kwa Kiingereza chepesi kama angependa kupelekwa msalani, kisha kwenye lango la ndege yake.

Sasa mnaijua adabu ya kwetu. Ukikaribishwa chakula, hata kama tumbo linanguruma, unasema umeshiba. Mwenyeji atakushika mkono, atakuapia, na hapo ndipo unanawa. Bi Mwanakheri alikuwa bingwa wa adabu hiyo.

"Hapana, usijisumbue," akajibu, akangoja kubembelezwa.

Yule mtu akatabasamu, akashukuru, akaenda zake.

Mwanzoni Bi Mwanakheri alidhani atarudi. Kisha kipaza sauti kikataja namba ya ndege yake, na abiria waliokuwa karibu naye wakainuka wote. Lango lilikuwa limehamishwa. Viti vikabaki vitupu. Akainama kuyatafuta magurudumu, vidole vikaishia hewani. Haja ilimbana. Aliogopa kuanguka, aliogopa kuaibika mbele ya watu, lakini zaidi alimwogopea Raya, akimwona kitandani anautazama mlango. Watu walipita mbio na mizigo yao, hakuna aliyemwangalia. Kupiga kelele hakujua, maana hakulelewa hivyo.

Hatimaye mwanamke mmoja mwenye sare akapunguza mwendo. "Bibi, uko salama?"

"Salama tu, ahsante." Ulimi ulijibu wenyewe, kama ulivyozoea tangu utotoni.

Yule mwanamke akageuka kuondoka. Bi Mwanakheri akamtazama mgongo.

"Siko salama," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Rudi. Nataka kupelekwa kwenye ndege. Naogopa."

Walikwenda mbio, lakini walikuta lango limefungwa. Ndege nyingine ilikuwa ya kesho yake.

Bi Mwanakheri alipofika hospitali, alimkuta Raya hai, Mungu ashukuriwe. Lakini binti alikuwa amejifungua bila mtu wake karibu, akimwita mama yake hadi sauti ikamkauka. Hakumlaumu. Akamwinua mtoto, na kwa kuwa alimjua mama yake, akajiandaa kubembeleza.

"Mama, utampakata sasa, au upumzike kwanza?"

"Nipe," akasema Bi Mwanakheri, mikono ameshainyoosha.

Alimpakata yule mtoto akilia, na maneno aliyoyasema pale kitandani ndiyo watu wa Pangani huwaambia wasafiri wao hadi leo: ugenini huulizwi mara mbili.