Nusu ya Kichwa cha Sultani

Palikuwa na Sultani wa Mtemani aliyetaka jirani yake avue nguo zote kwanza, ndipo yeye aamue kama atamwamkia.

Jirani mwenyewe ni mji wa Kiwambani, uliojifungia ndani ya ukuta wake, hautembei wala hautembelewi, na huko ndani wanasaga baruti. Si kusingiziwa, wanaisaga kweli. Sultani akawakatia chumvi. Wakala mchuzi chapwa, wakasaga. Akawakatia nguo. Wakavaa viraka, wakasaga zaidi. Mwaka wa nne huo. Sultani mwenyewe alikuwa na maghala matatu ya baruti, lakini hayo Mtemani hayatajwi. Adabu, bwana!

Mbaruku kinyozi alikuwa na dada yake kule Kiwambani, Mwanakheri, ameolewa, ana watoto wanne, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa ghala lao la baruti.

Kila Ijumaa kabla ya sala ya adhuhuri Mbaruku huenda kumnyoa Sultani kichwa. Mlangoni Waziri Shomvi hufungua mkoba na kuhesabu nyembe: nne zimeingia. Akitoka, huzihesabu tena: nne zimetoka. Walinzi wawili husimama na majambia yao hatua tatu kutoka kitini. Miaka tisa hivyo, na hakuna aliyekatwa hata ncha ya sikio.

Ijumaa hiyo nusu ya kichwa ilikuwa tayari inang'aa, Sultani akasema, "Mbaruku, leo baada ya sala naitoa mizinga ikaipige Kiwambani."

Wembe ukasimama hewani. "Kwa kosa gani, Maulana?"

"Nimewaambia watoe baruti yote, mpaka chembe ya mwisho, ndipo nione kama nitazungumza nao. Hawajibu!"

"Labda bado wanatafuta maneno."

"Wewe unayo mengi, kawasaidie. Niletee jibu lao kabla ya adhana. Likiwa jibu la mtu mwenye akili, mizinga inarudi bandani na chumvi nawafungulia. Waziri, shahidi wangu! Likiwa la kipumbavu, kinyozi, shingo yako."

"Kiwambani ni mwendo wa siku nzima, Maulana."

"Ndiyo maana nakuhimiza."

Walinzi wakacheka. Mbaruku hakucheka, alikuwa akiuona ule ukuta wa chumba cha Mwanakheri. Damu ikampanda mpaka masikioni. Akaufuta wembe, akaukunja, akaketi sakafuni.

"Unafanya nini wewe?"

"Napumzika."

"Na nusu hii nyingine?"

"Nitainyoa, Maulana. Kwanza walinzi hawa watoke. Na majambia yao, na upanga ule wa ukutani, na kile kisu chako cha kumenyea machungwa. Vyote, mpaka kisu cha mwisho. Vikishatoka, ndipo nione kama nitakunyoa."

Sultani akaruka kitini, povu linamtiririka shingoni. "Una wazimu? Wewe ubaki na nyembe nne, mimi nibaki na kichwa kitupu?"

"Niamini tu."

"Nikuamini kwa lipi?"

"Mimi mtu mwema. Muulize mtu yeyote nyumbani kwangu."

"Hata uwe malaika, siwatoi walinzi wangu!"

"Basi namwambia mpishi akukatie chumvi mpaka ukubali."

"Akate! Miaka kumi akitaka! Nitakula chapwa, nitatoka barazani na nusu kichwa watu wanicheke, na kisu sitoi hata kimoja!"

"Kwa hiyo, Maulana, tumekwama."

"Tumekwama wapi, mjinga wewe!" Sultani alikuwa ametoa macho kama kamba wa kuchemsha. "Si tuna utaratibu wetu? Nyembe zako zinahesabiwa zikiingia, zinahesabiwa zikitoka. Walinzi wangu wanasimama pale, hawasogei. Wewe unanyoa kidogo, mimi nageuza kichwa kidogo, wewe unanyoa tena. Miaka tisa tunaishi hivyo, nani kamchinja mwenzake? Nani aliyekwambia watu huanza kwa kuvuana nguo?"

Mbaruku akainuka. Akajikung'uta, akainama kwa heshima zake zote.

"Nimerudi, Maulana."

"Umerudi kutoka wapi?"

"Kiwambani. Jibu lao ni hilo hilo ulilolisema sasa hivi, kuanzia chumvi mpaka kuvuana nguo. Sikuongeza, sikupunguza. Waziri Shomvi amelisikia."

Waziri Shomvi akaanza kuuchunguza sana mkoba wa nyembe. Nje, mnarani, mwadhini alikuwa anakohoa, anasafisha koo.

"Haraka, Maulana, adhana hiyo inakuja," Mbaruku akasema, akaufungua wembe wake. "Jibu hilo ni la mwenye akili, au la mpumbavu?"