Mtungi wa Mrina Asali

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto, wanangu, mnijibu kwa sauti ya chini, maana hadithi hii ina kaburi ndani yake.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, kilikuwapo kijiji chenye desturi moja. Mtu akifa, chombo cha kazi yake kiliwekwa kichwani pa kaburi lake. Mzee Kitwana, mrina asali, alipofariki, wakamwekea mtungi wake wa asali, wenye shingo nyembamba.

Siku ya saba, jua la utosi, saa ambayo mtu hana kivuli, kaburi likalia. Uuuu. Uuuu. Uuuu. Kuku wakakimbilia ndani. Mbwa wakanyamaza.

"Marehemu analalamika," akasema Jumbe, mkuu wa kijiji. "Bi Mize, ulimlisha nini mumeo? Akilia siku tatu zaidi, utaondoka hapa."

"Mungu ndiye shahidi wangu," akasema Bi Mize, akajifunika uso.

Binti yake, Sikudhani, akaenda makaburini peke yake. Juu ya jiwe alikaa mjusi.

"Shikamoo, babu mjusi. Nani analia hapa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeishi hapa miaka yote. Maiti halii. Ni mtungi."

"Una hakika?"

"Loo! Mtoto wa juzi ananiuliza kama nina hakika!"

"Usikasirike, babu. Umesema neno ninalolitaka mno, ndiyo maana naogopa kuliamini. Nitatazama mwenyewe."

Siku ya kwanza alifunga uzi kwenye kijiti. Jua lilipofika utosini, upepo ukapanda kutoka bondeni. Uzi ukiinuka, kaburi linalia. Uzi ukilala, kaburi kimya.

Siku ya pili aliziba mdomo wa mtungi kwa kiganja. Uzi uliinuka, kaburi likanyamaza. Akaondoa kiganja. Uuuu! Baridi ikampita vidoleni, kama mtu anayempumulia.

Siku ya tatu watu wote walikuja, na mzigo wa Bi Mize ulikuwa umekwisha kufungwa. Sikudhani akaunyanyua mtungi.

"Mshikeni! Anamvunjia baba yake heshima!" akafoka Jumbe.

"Jumbe, mzee wangu, ningoje kidogo tu. Kama ni baba, atalia hapa hapa. Kama ni mtungi, utalia nitakakoupeleka."

Akaubeba hadi barazani kwa Jumbe, akauweka. Waliobaki makaburini wakatega sikio. Upepo ukaja. Kaburi kimya. Baraza ya Jumbe ikalia: Uuuu.

"Jumbe," mjusi aliyewafuata akaita kutoka ukutani, "na wewe ulimlisha nini?"

Watu wakacheka. Jumbe akaufungua mzigo wa Bi Mize kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini Sikudhani hakucheka. Alikaa chini, akalia.

"Mama, nilitumaini kidogo kwamba ni yeye."

"Hata mimi, mwanangu." Bi Mize akamfuta machozi. "Urudishe mtungi pale pale."

"Utalia tena, mama."

"Na ulie. Sasa najua ni upepo, na upepo ni wa Mungu. Ukilia, nitajua saa ya kumwombea imefika."

Hadithi yangu imefika kaburini, na hapo ndipo inapoishia. Mtakaposikia mvumo, wanangu, ogopeni kidogo, kisha mchukue uzi.