Saladi Iliyoonjwa Ikiwa Moto

Wapendwa, leo nawaingiza jikoni. Akina baba, najua wengine wenu jikoni mnakwenda kuchukua maji ya kunywa tu na kurudi sebuleni, lakini leo mtaingia na mtakaa, kwa sababu ninachotaka kusema kimo ndani ya bakuli la makaroni. Na wewe unayeangalia saa, nimekuona. Tutamaliza.

Alikuwapo mama mmoja, tumwite Mama Niwaeli. Jina nimelibuni, kwa hiyo usigeuke kutazama nani amekaa nyuma yako. Aliishi mji mmoja wa tambarare, upande wa Same, ambako Januari jua linawaka mpaka kuku wanashinda chini ya magari. Mama huyu alijua kupika. Kwenye harusi, kwenye kipaimara, watu walichungulia kwanza jikoni kama yumo ndipo wakatafuta viti. Na katika mapishi yake yote, moja ndilo lililompa sifa: saladi ya makaroni, ile ya baridi, nyeupe, laini kwa mayonesi na mtindi mzito. Katika joto lile mtu akiweka kijiko kimoja mdomoni alikuwa anafumba macho.

Sasa, mama huyu alikuwa na kidonda. Mama mkwe wake aliugua presha kwa muda mrefu, na aliyemuuguza ni yeye. Kumwogesha, yeye. Kumgeuza kitandani, yeye. Daktari alikataza chumvi, naye akapika bila chumvi. Bibi alinung'unika, akasukuma sahani, na yeye akambembeleza kijiko kwa kijiko kama mtoto. Bibi akafariki. Siku ya mazishi, uani pamejaa watu, wifi yake, yaani dada wa mumewe, akasimama katikati ya waombolezaji akalia kwa sauti: "Mama yangu amekufa anakula chapwa katika nyumba hii."

Chapwa. Yaani chakula kisicho na chumvi, cha kumpa mtu usiyemjali. Mbele ya watu wote wale. Nasikia akina mama mnaguna, na mna haki ya kuguna.

Toka siku ile wifi hakukanyaga tena pale, na Mama Niwaeli hakumtafuta. Watoto wakawa wanakua hawamjui shangazi yao. Baba Niwaeli, mwanamume mpole, hakulalamika, lakini dada yule ndiye ndugu pekee aliyembakia duniani. Kila sikukuu mkewe alimwona akishika simu, akiitazama, akiirudisha mfukoni.

Jumapili moja ibada ikawaka. Kwaya iliimba mpaka wazee wa mstari wa mbele wakaacha fimbo zao. Mhubiri, ambaye si mimi, alihubiri habari ya kusamehe, na kila neno Mama Niwaeli aliliona limeandikwa kwa ajili yake. Alilia mpaka kitenge kikalowa begani. Akaenda mbele, akaombewa, akatoka pale mwepesi. Wakiwa njiani kurudi akamshika mumewe mkono.

"Baba Niwaeli, nimemsamehe dada yako. Imekwisha. Sina kitu moyoni."

Na hakungoja. Akapiga simu pale pale barabarani. "Wifi, Jumamosi tunakutana hapa kwetu, ndugu wote. Na wewe uje. Nakuandalia ile saladi unayoipenda."

Upande wa pili sauti ikasema taratibu, "Nitakuja, wifi." Baba Niwaeli akatoa leso akafuta macho, akasema ni vumbi.

Jumamosi ikafika. Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penyewe. Mama Niwaeli aliamka na jambo moja tu kichwani: chumvi. Chakula kingine kiungue kama kinataka, lakini saladi hii, kwa mgeni huyu, haitakosa chumvi. Akachemsha makaroni katika maji ya chumvi, akayatoa yakiwa yameiva lakini bado yana mwili, akayachuja. Akakwangua karoti, akakata hoho nyekundu vipande vidogo, kitunguu akakiosha kwa maji ya chumvi mpaka ukali ukatoka. Njegere, mayai ya kuchemsha. Akachanganya mayonesi na mtindi, akakamua limao, akamimina juu ya makaroni yakingali na moto wake ili yanywe vizuri. Akakoroga taratibu asiyavunje. Akachota kidogo, akaweka kwenye kiganja, akaonja.

Imekolea. Hakujiamini, akamwita mumewe. "Lete mkono."

Baba Niwaeli akanyoosha kiganja, akawekewa, akalamba. "Imekolea kabisa."

"Kweli?"

"Mama Niwaeli, ukiongeza hata punje moja unaiharibu."

Roho ikamtulia. Akafunika bakuli, akaliingiza kwenye friji, akafunga mlango kwa nyonga yake. "Imekwisha," akasema. Mnakumbuka neno hilo alilisema wapi mara ya kwanza?

Mchana ndugu wakajaa chini ya turubai. Wifi naye akaja, amevaa vizuri, na mkungu wa ndizi umeletwa na bodaboda nyuma yake. Mama Niwaeli akampokea, wakakumbatiana, watoto wakasukumwa mbele kumwamkia shangazi. Baba Niwaeli alikuwa anazunguka kupanga viti ambavyo vilikwisha kupangwa. Alikuwa na furaha, na kila mtu aliiona.

Bakuli likatolewa kwenye friji likiwa linatoa jasho. Sahani ya kwanza akapewa wifi. Akala kijiko kimoja, akatafuna. Akala cha pili. Halafu akamwinamia mwenyeji wake akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kumsitiri mwenzake kabla wageni hawajala, "Wifi, hii haina chumvi."

Jamani, aliyesikia maneno yale ni nani? Ni yule mama aliyelia mbele ya madhabahu Jumapili? Yule hakuwapo. Aliyesikia ni mkamwana wa siku ya mazishi, amesimama uani, anaitwa mnyanyasaji mbele ya watu. Kidonda kikatoneshwa, na mdomo ukatangulia.

"Haina chumvi? Na wewe ulikuja lini kumpikia mama yako chenye chumvi? Ulimgeuza kitandani siku gani?"

Mjomba mmoja alikuwa na paja la kuku mkononi, akalirudisha kwenye sahani. Wifi akaweka chakula chake mezani, akachukua mkoba, akaanza kuelekea getini. Baba Niwaeli akanyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena, hajui amfuate nani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezika mara ya pili.

Mama Niwaeli bado damu inachemka. Akaichukua ile sahani iliyoachwa, akachota kijiko kilichojaa, ili wote waone kwamba anasingiziwa kwa mara nyingine. Akala.

Ilikuwa chapwa.

Ilikuwa laini, ilikuwa nzuri kwa macho, limao lilikuwapo kwa mbali, lakini ilikuwa chapwa. Akaonja tena, akiomba ulimi wake uwe umekosea. Ulimi haukukosea.

Mnaopika mnajua kilichotokea. Baridi inafunika chumvi. Chakula kilichokolea kikiwa moto, kikipoa ladha inazama, na makaroni nayo yanaendelea kunywa humo ndani kimya kimya. Kwa hiyo chakula cha kuliwa baridi huonjwa kikiwa baridi, kabla hakijatoka. Na mama huyu alilijua hilo kuliko wote waliokuwapo. Kwenye harusi za watu alifungua bakuli mara ya pili siku zote, akaonja, akaongeza. Siku ile hakufungua, kwa sababu alikuwa na uhakika. Alikumbuka jinsi ilivyokuwa tamu asubuhi, akaona inatosha.

Akaiacha sahani, akatembea haraka mpaka getini. Wifi alikuwa ameshika komeo.

"Wifi, ni kweli. Haina chumvi."

Yule mwingine akaanza kulivuta komeo.

"Niliionja ikiwa moto," akasema Mama Niwaeli, na sauti ikaanza kumtoroka. "Na yale niliyokuambia kwenye simu, nayo niliyaonja yakiwa moto. Sikukudanganya. Nilidhani yamekwisha."

Wifi akaliachia komeo. Halafu akauliza, "Chumvi iko wapi?"

Wakaingia jikoni wawili, mlango wakaurudisha. Bakuli likawekwa mezani. Na kabla kopo la chumvi halijafunguliwa, wifi akasema bila kumtazama, "Nilijua alikuwa na presha. Hata siku ile ninalia pale uani, nilijua."

"Sasa mbona ukasema vile?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyemwogesha. Mimi ni mwanawe na sikuwapo."

Wapendwa, mnaona Mama Niwaeli alipofikishwa? Hakuna kwaya. Hakuna mhubiri. Jikoni pana joto, na aliye mbele yake amekiri kwamba alimdhalilisha huku anajua. Machozi ya Jumapili hayapo. Akitafuta moyoni mwake ule wepesi wa siku ile, hauoni hata chembe. Ana uchungu, ana hasira, na ana kopo la chumvi mkononi.

Akafungua kopo, akanyunyiza, akakoroga. Akachota kidogo, akasema, "Lete mkono."

Wifi akanyoosha kiganja. Akaonja. "Bado."

Akaongeza. Wifi akanyoosha kiganja tena, akaonja, akatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo wote wawili wakalia. Wakatoka na bakuli wamelishika huku na huku, na Baba Niwaeli alipowaona mlangoni hakusingizia vumbi tena.

Basi niulize. Mama huyu alimsamehe wifi yake lini? Jumapili? Jumapili alianza, simnyang'anyi hilo. Alimsamehe Jumamosi, pale ambapo msamaha ulikuwa umepoa na akaukuta haujakolea, akaongeza.

Sasa tuje kwetu. Sisi tunajionja saa ngapi? Tunajionja humu ndani, kama sasa hivi. Kwaya imetushika, tumepiga makofi, jirani ametushika mkono akasema unapendwa, na mtu anajilamba kiganja anasema, naam, nimekolea. Na hadanganyi. Saa hii kweli umekolea. Mimi mwenyewe nikishuka hapa madhabahuni ningeweza kumsamehe hata aliyeiba betri ya gari langu.

Lakini nani anakula humu ndani? Sisi hatuliwi Jumapili. Tunaliwa Jumanne jioni, umeme umekatika, mtoto amerudi na shati limechanika. Mke wako anakula saladi hiyo. Dada wa kazi anakula hiyo, amevunja sahani, amesimama anangoja utasema nini. Mama mkwe anakula hiyo. Mfanyakazi mwenzako anakula hiyo, baada ya kukusema vibaya kwa bosi. Hao wote wanapewa sisi tukiwa baridi, tumetoka kwenye friji. Na mmoja wao akithubutu kusema, ndugu, hii haina chumvi, tunamjia juu. Tunamwambia, unajua mimi nimelia mangapi kanisani? Tunamwonyesha Jumapili yetu, naye sahani aliyoshika ni ya Jumanne.

Anayekuambia huna chumvi, mara nyingi ndiye pekee aliyekuonja ukiwa baridi. Usimfukuze getini. Onja kwanza.

Najua mnangoja nifungue mistari ya Biblia inayotaja chumvi, na wengine mmeshaifungua kabla yangu. Ifungeni. Mnangoja pia niwaite mbele. Siwaiti leo. Nyimbo zimekuwa nzuri mno, mkija mtakuja wote, mtalia, mtarudi nyumbani mkisema imekwisha.

Leo nendeni nyumbani mkapoe. Mle, mlale, kesho mwende kazini. Halafu katikati ya wiki, yule uliyemsamehe asubuhi hii akikurudia na neno lile lile lililokuumiza, kabla mdomo haujatangulia, fungua kifuniko. Chota kidogo, weka kiganjani, onja. Ukikuta ni chapwa usitupe bakuli, wala usiseme kwamba msamaha ule ulikuwa wa uongo. Ulikuwa wa kweli, ila umepoa. Ongeza. Onja tena. Ukiambiwa bado, ongeza tena.

Na atakayekuta chumvi imemwishia nyumbani, Alhamisi nitakuwa ofisini kutwa. Njoo ukiwa baridi hivyo hivyo. Hapo ndipo nitakuombea.