Kitanda Kilichoingia Vipande Vipande

"Mlango hupimwa kwa atokaye."

Mmeisikia leo asubuhi kiwanjani, hapo mnapomjengea mama yenu, ikitoka kinywani mwa fundi, nanyi mkacheka. Mmoja wenu akasema mzee kachanganya maneno, kwamba mlango hupimwa kwa aingiaye, maana hata muuza makochi huuliza kwanza upana wa mlango. Hakuchanganya. Tena methali hii haina umri wa kutisha, wala haikutoka kwa wahenga ambao hakuna aliyewaona. Watu walioiona ikizaliwa bado wanatembea hapa Kwemtindi, na baadhi yao mnawaamkia kila siku bila kujua. Ilianza hivi.

Mwalimu Mwantumu Kiango alifundisha hesabu Korogwe kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo yote alikuwa na neno moja moyoni: kumtoa mama yake, Bi Mkunde, katika nyumba ya fito na udongo aliyozalia watoto wake, na kumweka katika nyumba ya kisasa. Alijinyima. Kitenge kikichakaa alikitia kiraka, na likizo hakwenda popote ila kwa mama yake.

Nyumba aliyoitaka alikuwa ameiona kwenye simu. Kuta nyeupe tupu, paa limefichwa nyuma ya ukuta usilione, madirisha mapana, hakuna nguzo, hakuna urembo, hakuna mbwembwe. Alimwonyesha mama yake ile picha.

"Mama, uzuri wa nyumba hizi ni kile kisichokuwepo."

Bi Mkunde aliitazama picha, akaitazama na nyumba yake. "Basi hata hii yangu nzuri, mwanangu," alisema, "maana haina kitu."

Walicheka wote wawili. Lakini Mwantumu hakuwa na mchezo. Fedha yake ilikuwa na mwisho, na mwisho wake aliujua, kwa hiyo alikaa na ile ramani kwa miezi, akipunguza hapa na pale kwa rula na kifutio. Baraza akaifuta. Upenu akaufuta. Mlango wa uani nao akaufuta, akasema mlango mmoja unatosha watu wawili. Alipofika kwenye korido, aliikuta na upana wa futi nne. Akaikata ikabaki mbili na nusu.

"Nani anakaa koridoni?" alisema. Futi zile alizihamishia sebuleni, mahali pa kukaa wageni.

Chumba cha mama alikiweka mwisho kabisa, korido inapopinda, ili bibi huyo apate utulivu. Akamtilia na bafu lake mwenyewe, sakafu ya marumaru zinazong'aa. Msione nasimulia haya kwa kumcheka. Kila futi ya nyumba ile ilipimwa kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonisikitisha mpaka leo.

Sasa, hapa kwetu palikuwa na desturi. Fundi akishapigilia vigingi ardhini na kuvuta kamba za vyumba, kabla hajalaza tofali la kwanza, huomba kitanda. Wanaume wanne hukibeba, wakaanzia kila chumba wakitoka nje, wakifuata kamba kana kwamba ni kuta. Kikigusa kamba, kamba inasogezwa. Huitwa kutembeza kitanda. Sababu yake haitajwi, na kama mwenye nyumba ana mzazi aliye hai, kuitaja mbele ya mzazi huyo ni utovu wa adabu mkubwa. Mtu hukua akiiona tu, na siku moja akaielewa mwenyewe. Mwantumu alikwenda shule ya bweni angali mdogo. Hakukua akiiona.

Fundi alikuwa Mzee Shekiondo, jirani yao, mtu wa maneno machache. Siku kamba zilipokamilika alimwendea, kofia mkononi.

"Mwalimu, tunaomba kitanda."

"Cha nini, fundi?"

"Cha kutembeza. Kipite humu kabla hatujapandisha ukuta."

Mwantumu alicheka, kwa upole, kama anavyomcheka mwanafunzi aliyekosea jibu rahisi. "Mzee wangu, hayo ya zamani. Vitanda vya siku hizi vinafunguliwa. Kinaingia vipande vipande, kinafungwa humohumo chumbani kwa spana."

Mzee Shekiondo alitazama chini. Hatua chache kutoka pale alikaa Bi Mkunde juu ya ndoo iliyofudikizwa, akimenya chungwa.

"Na siku ya kutoka?" aliuliza fundi taratibu.

"Kitatoka vipande vilevile."

Bi Mkunde aliacha kumenya. Alikuwa ameelewa. Lakini angesemaje? Amwambie binti anayemjengea nyumba, mwanangu, niachie nafasi ya kunitoa? Alikata chungwa, akampa fundi nusu. Fundi alikula, akavaa kofia yake, na ukuta ukapanda.

Nyumba ilipokwisha ilikuwa nzuri kweli. Watu walikuja kuitazama kutoka hata Muheza mjini. Wageni walikaa sebuleni wakanyoosha miguu, wakasifu uwazi na mwanga. Kitanda kipya kiliingia vipande vipande, kama alivyosema mwenyewe, kikafungwa. Bi Mkunde alishukuru. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba hana pa kukaa akaamkiwa na wapita njia.

Masika ya mwaka wa pili yalikuwa makali. Mwantumu alikuwa likizo, yuko jikoni anachemsha maziwa, saa mbili asubuhi. Akasikia mshindo mmoja, mzito, kutoka bafuni kwa mama. Kisha kimya. Maziwa yalifurika yakamwagikia jiko na yeye hayaoni tena.

Alimkuta mama yake chali juu ya zile marumaru. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia nje, umelala kama si wake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia alikuwa binti, na guu lililovunjika likawa la mama.

Majirani walifika, na muuguzi wa zahanati akafika, dada mtulivu aitwaye Veneranda. Alimpapasa mgonjwa, akamgusa viganja, uso wake ukabadilika. "Ni nyonga, na damu inavujia ndani," alisema. "Awahi hospitali. Lakini sikilizeni: asikunjwe, asikalishwe, asisimamishwe. Anyooke hivihivi mpaka garini."

Pikapu ilikuwa nje, injini inanguruma. Dereva alipiga kelele kwamba mto wa bondeni unajaa, kama hawatavuka ndani ya saa moja hakuna kuvuka siku mbili. Machela ya zahanati, ile ya bomba za chuma, mtu mmoja aliipitisha koridoni akiwa ameisimamisha wima kama ngazi. Iliingia bila shida. Bi Mkunde alilazwa juu yake, akafungwa kwa kanga, wanaume wanne wakainua.

Walitoka chumbani. Wakafika kwenye kona ya korido. Wakakwama.

Walirudi nyuma, wakajaribu tena. Bomba la mbele lilikwaruza ule ukuta mweupe, la nyuma likagonga fremu ya mlango. Mmoja akasema inueni upande. Walipoinua tu, Bi Mkunde alitoa ukelele ambao Mwantumu hakuwahi kuusikia kwa mama yake, na alikuwa mama wa kuzaa watoto saba bila kupiga kelele. Wakashusha upesi. Wanaume wale wanne walitazamana juu ya mgonjwa, jasho linawatiririka, na polepole kila mmoja akaelewa kuwa haiwezekani.

Mwantumu alisimama mgongo ukutani. Ile pembe ya korido aliijua kwa inchi, aliichora mwenyewe, na hesabu ikajifanya kichwani mwake bila kuitwa: urefu wa mtu, upana wa njia. Hesabu ya darasa la saba. Alikuwa amewafundisha mamia ya watoto. Mbona hakuifanya?

"Dirishani!" mtu alipaza sauti. Walimrudisha chumbani, wakakimbilia dirisha. Dirisha lilikuwa pana, futi tano nzima, na nondo zake zilikuwa zimezamishwa ndani ya ukuta pande zote. Mwantumu ndiye aliyeagiza ziwe hivyo, wezi wasiweze kuzing'oa. Nyumba nzima ilikuwa imefikiriwa kwa ajili ya waingiao: wageni waingie vizuri, wezi wasiingie kabisa. Wa kutoka hakuwazwa.

"Saa inakwenda," Veneranda alisema. Alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa, haachii. "Anaanza kuwa baridi."

Ndipo Mzee Shekiondo alipoingia, ameloa chapachapa, nyundo kubwa begani. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia ule ukelele akiwa kwake, na akajua umetokea wapi. Aliitazama ile machela, kisha akamtazama Mwantumu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimuumiza Mwantumu kuliko kama angefokewa.

"Mwalimu," alisema, "kitanda kiliingia vipande. Mama hafunguliwi kwa spana."

Mwantumu alifunika mdomo kwa mkono. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Fundi, tufanyeje?"

"Tuvunje hapa chini ya dirisha. Juu kuna linta, ile boriti ya zege, nyumba haitaanguka. Lakini nyumba ni yako. Neno litoke kwako."

Hakutoa neno. Alimfunika mama yake uso kwa kanga mbichi asivute vumbi, akaichukua nyundo kutoka begani kwa mzee, na akapiga mwenyewe. Pigo la kwanza lilibandua rangi tu. La pili likatoboa. Alipiga huku akilia kwa sauti, miaka kumi na tisa inamwangukia miguuni vipande vipande, mpaka wanaume wakamwondoa taratibu wakashika wao. Tofali zikatoka, nondo zikalegea zikang'olewa pamoja na fremu. Mvua ikaingia chumbani. Na kupitia tundu lile, machela ikatoka imenyooka, wanaume wawili mbele na wawili nyuma, pasipo kuinamisha wala kugeuza.

Pikapu ilivuka, maji yakiwa usawa wa milango yake. Nyuma yake mto ukafunga njia kwa siku mbili.

Bi Mkunde alipasuliwa, akalala hospitali wiki nyingi, na akapona wa kutembea kwa mkongojo. Wakwe na majirani walipokwenda kumjulia hali walimuuliza, kwa kuwa habari ilikwishaenea na kila mtu alitaka kuisikia kwake mwenyewe: ni kweli nyumba mpya imevunjwa? Mwantumu alikuwa kando ya kitanda, kichwa chini. Mama alimwona. Hakutaka mwanawe asemwe na watu, akaligeuza jambo liwe utani.

"Imetobolewa tu, ipumue," alisema. "Mwanangu alipima mlango kwa aingiaye. Na aingiaye ana shida gani? Ana miguu yake, atajipenyeza. Mlango hupimwa kwa atokaye."

Wageni walicheka. Mwantumu hakucheka, na wala mama yake.

Lile tundu halikuzibwa. Fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya makabati ya jikoni ilinunua mlango wa mbao wa mabawa mawili, na Mzee Shekiondo akaupachika palepale, chumbani kwa mama moja kwa moja mpaka nje, pamoja na baraza ya hatua tatu mbele yake. Nyumba iliharibika sura, waliosema hivyo walikuwepo. Lakini Bi Mkunde alikaa barazani pale kila jioni kwa miaka minne, akiamkiwa na wapita njia, akiwamenyea machungwa watoto wao.

Mwaka wa tano, alfajiri moja, hakuamka.

Alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa. Wanaume wanne walipoliinua jeneza chumbani mwake, wawili kati yao walikuwa wale wa siku ya machela, na walipofika mlangoni miguu yao ilipunguza mwendo yenyewe, mabega yakajikaza yakingoja kukwama. Hawakukwama. Mabawa yote mawili yalikuwa wazi. Jeneza lilipita katikati limenyooka, halikugusa fremu upande wowote, na Bi Mkunde akatoka nyumbani kwa mwanawe bila kuinamishwa na mtu.

Mzee Shekiondo alikuwa amesimama nje, kofia mkononi. Mwantumu alibaki ndani na wanawake. Kutoka alipokaa, juu ya mkeka, mlango ule ulimpa njia yote ya makaburini, na alimsindikiza mama yake kwa macho mpaka kundi la wanaume likapinda na kutoweka. Wanawake walimsikia akisema jambo kwa sauti ndogo. Aliyekaa karibu alidhani ni dua, akaitikia amina. Kumbe Mwantumu alikuwa akirudia maneno ya mama yake, na sasa hapakuwa na utani ndani yake hata kidogo.

Basi kesho fundi akiwaomba kitanda, msimwambie kwamba chenu kinaingia vipande. Mpeni, mkae pembeni mtazame kinavyopita, wala msimuulize sababu mbele ya mama yenu.

Mlango hupimwa kwa atokaye.