Mwizi wa Chaji ya Mwatumu

Hata chaja huonja. Mmemsikia shangazi yenu akiitamka, mkacheka, na sasa mnataka kujua methali hii ilikozaliwa. Ilizaliwa Ngamiani, Tanga, uani kwa watu, ugomvi ukiwa umeshapamba moto.

"Basi niambie, chaji iliyobaki imekwenda wapi?" Mwatumu alikuwa akiuliza, chaja yake ya kubeba ameinyanyua juu wapangaji wote waione.

Jirani yake Kibibi, aliyeachiwa chaja ile ikiwa imejaa, aitunze wakati Mwatumu amekwenda sokoni, aliapa hajaigusa. Mwatumu hakusikia. Muuzaji alimwambia betri ya chaja ni kubwa mara mbili ya betri ya simu yake, basi ikijaa itaijaza simu mara mbili. Mara ya kwanza ilijaza. Ya pili simu imefika nusu, chaja imezima.

"Shoga, chaji si sukari, useme nimechota kwa kijiko," alisema Kibibi.

"Umechota kwa waya."

Kibibi akageuka, akaingia chumbani kufunga vyombo; kesho yake jioni angehama. Kuitwa mwizi mbele ya nyumba nzima, akae afanye nini?

Watu walimsihi Mwatumu, akakaza shingo. Lakini moyoni hakuwa na raha. Kibibi ndiye aliyekaa naye eda nzima alipofiwa na mume. Asubuhi chaja ilipojaa upya, akaipakata mwenyewe, akachomeka simu iliyokwisha chaji, mtu asiisogelee. Simu ikajaa. Akapiga nayo umbea mpaka ikazima, akachomeka tena. Ikakomea nusu ileile.

Nani kaiba, na chaja ilikuwa mapajani mwake? Ndipo alipohisi mapaja yanafukuta. Chaja ya moto, na simu nayo ya moto. Mwatumu alikuwa mtu wa jikoni. Alijua moto hauwaki bila kula kuni. Joto lile lilikula nini, kama si chaji yenyewe? Na ndivyo ilivyo, wanangu. Umeme ukitoka betri moja kwenda nyingine hubadilishwa njiani, na kila ubadilishwapo sehemu hugeuka joto, ikapotelea hewani. Chaja nzuri hupoteza kidogo, mbovu hupoteza nyingi, isiyopoteza haipo.

Matusi aliyatoa hadharani; akaona radhi nayo iombwe hadharani. Akasimama mlangoni kwa Kibibi, watu wote wanamtazama, akamtia ile chaja kiganjani.

"Ina moto," alisema Kibibi.

"Huo moto ndio mwizi wangu. Kumbe hata chaja huonja, mwenzangu, nami nikakuita wewe mwizi. Nisamehe."

Kibibi alimrudishia chaja, akaligeukia furushi lake. Kisha akalisukuma pembeni kwa mguu, akakunjua mkeka.

"Nilipika mbaazi za kuagana. Ingia tule. Zikikupungukia usiulize, na mimi nimeonja."