Kitambaa Juu ya Oveni

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo kabla ya mengine nataka tuingie jikoni kwa watu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeishi na mumewe na binti yao katika mji wa nyanda za juu, kule ambako asubuhi ya mwezi wa sita unaiona pumzi yako mwenyewe ikitoka mdomoni. Watu walimwita Mama Atupele, kwa jina la huyo binti. Mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa mume, alikuwa mjane na alikaa peke yake kijijini. Goti lake lilipoanza kuvimba na kukataa kukunjika, mwanawe akaenda kumchukua, akamleta mjini.

Mtu mwenye goti bovu hawezi kuinamia jiko la mkaa, na mtungi wa gesi mama huyu alikuwa hataki hata kuusogelea. Kwa hiyo mwanawe akanunua oveni ya maikrowevu, ile aina inayofanya kazi mbili. Inapasha chakula kwa muda mfupi, na ukibonyeza kitufe kingine inageuka oveni kamili: feni inazungusha hewa ya moto ndani yake, unaoka mkate, unachoma kuku. Akaiweka juu ya meza ndefu, usawa wa kifua, mama asipate taabu.

Dukani muuzaji alikuwa amemweleza Mama Atupele namna ya kuitumia, naye alimsikiliza vizuri. Unapopasha, usiweke ndani sufuria wala chombo chochote cha chuma. Unapooka, toa kila kitu cha plastiki, maana hapo ni moto wa kweli. Usiiwashe ikiwa tupu. Mafuta yakirukia ndani yasiachwe yakagandamana: chomoa waya, subiri ipoe, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Na iache ipumue. Usiibane ukutani, usiifunike juu, kwa sababu matundu ya kutolea joto yako huko, na inapooka hata mwili wake wa nje unachoma. Mama Atupele aliyashika hayo yote. Akamwonyesha mama mkwe kitufe cha kupashia uji na maziwa. Cha kuokea hakumwonyesha, mama mwenyewe alisema hana haja nacho.

Sasa, yule mama mkwe alikuwa fundi wa kufuma. Kule kijijini kochi lilikuwa na kitambaa, redio ina kitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ina kitambaa chake. Kwake yeye kitu kisichofunikwa ni kitu kisichothaminiwa. Alipofika mjini akaona oveni imekaa wazi, akachukua sindano na uzi wa nailoni, akafuma kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembezoni. Akakitandika juu ya oveni kikashuka hadi nyuma, na oveni yenyewe akaisukuma mpaka ikagusa ukuta, ili meza ionekane nadhifu.

Mama Atupele akarudi jioni kutoka kazini, akakikuta. Akakitoa, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Akaendelea na kupika.

Mama mkwe akaona. Usiku ule alikula matonge machache akasema ameshiba. Kesho yake akampigia simu mdogo wake kule kijijini, kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia: "Mimi huku nafuma, wenyewe wanakunja."

Mume akamwita mkewe chumbani.

"Mama Atupele, ni kitambaa tu kile. Kwa nini umuumize mama?"

"Kinaziba matundu ya hewa, Baba Atupele. Oveni itapata joto."

"Mama anapasha uji. Uji huo utaleta joto gani? Mwachie, tuishi kwa amani."

Akamwachia.

Kuanzia hapo, Mama Atupele akitaka kuoka anakitoa kitambaa, anaivuta oveni kutoka ukutani, anaoka. Ikipoa anairudisha ilipokuwa na kitambaa juu. Aliifanya kazi hiyo kimya kimya kwa miezi. Nyumba ikatulia. Wageni wakija wanakisifu kitambaa, mama mkwe anacheka, mume anapumua.

Kisha, Jumamosi moja, mama mkwe alikuwa amekaa jikoni anachambua maharage. Akainua macho akauliza mwenyewe, wala hakuwa na hasira:

"Mwanangu, hebu niambie. Kitambaa changu hapa juu hakina ubaya wowote? Naona wewe ukitaka kupika unakitoa."

Wapendwa, mlango ulikuwa umefunguliwa. Aliyeufungua ni mama mwenyewe, na kwa sauti ya upole. Mngejibu nini ninyi?

Mama Atupele akajibu, "Hakina ubaya, mama. Nakitoa kisichafuke tu. Kizuri sana kile."

"Basi nitakufumia na kingine, cha kubadilishia."

"Asante, mama."

Wakaendelea kuchambua maharage pamoja.

Ukafika mwezi wa msiba. Shangazi yake Mama Atupele, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alifariki mbali na pale, na Mama Atupele akasafiri kwenda kuzika. Mama mkwe alishindwa kusafiri kwa sababu ya goti, na jambo hilo lilimkosesha raha. Siku mkwe wake anarudi, baba na binti wakiwa wameshatoka asubuhi, akawaza: huyu mtoto anatoka makaburini, amelia, amechoka, hajala vizuri. Akifika akute chakula cha moto.

Akatayarisha kuku. Akampaka chumvi, limau na tangawizi, akamlaza kwenye bakuli la kioo nene. Alikuwa ameshamwona Mama Atupele mara nyingi akikibonyeza kile kitufe cha pili. Akakibonyeza. Feni ikaanza kuvuma, taa ikawaka ndani, kuku akaanza kuzunguka. Mama akaridhika. Kitambaa kilikuwa juu, mahali pake pa siku zote, na oveni iko ukutani. Akatoka kukaa barazani, aanze kuangalia njia.

Nailoni haiungui kama pamba. Inayeyuka kwanza. Ilijikunja, ikawa nyeusi, ikaanza kudondokea kwenye yale matundu, ndani kulikokuwa na joto. Huko ikashika moto. Mama alipopata harufu alidhani ni kuku. Alijikokota mpaka jikoni, akakuta ndimi za moto juu ya oveni, na maua yake mekundu yanageuka uji.

Akafanya ambacho wengi wetu tungefanya. Akakishika kile kitambaa kwa mikono yote miwili akivute.

Akapiga ukelele, na Mama Atupele aliusikia akiwa getini, begi lingali begani. Alikimbia ndani. Kwanza akazima swichi kubwa ya umeme iliyoko ukutani koridoni, ndipo akaingia jikoni. Mama alikuwa amesimama, mikono imenyooshwa mbele yake, nailoni imegandia viganjani. Ndani ya oveni moshi ulikuwa umejaa, na mafuta ya kuku nayo yalikuwa yameanza kuwaka, unaona mwanga wa rangi ya chungwa nyuma ya kioo.

"Fungua, mwanangu! Chakula chako kinaungua! Fungua mlango wake!"

"Usiguse, mama! Tukiufungua moto utapata hewa. Toka, toka nje!"

Akamshika kiunoni akamtoa. Majirani walikuwa wameshafika, mmoja akaleta ndoo ya mchanga akaumwagia ule moto wa juu. Ule wa ndani, kwa kuwa mlango ulibaki umefungwa, ulikosa hewa ukafa wenyewe. Nje, Mama Atupele akafungua bomba la uani, akaiweka mikono ya mama mkwe chini ya maji yanayotiririka, akaishikilia pale kwa muda mrefu mpaka jirani akaleta gari. Ile nailoni hakujaribu kuibandua. Hospitalini waliibandua wao.

Ukuta uliungua, meza iliungua, nyumba ilisalimika.

Naona hapa kuna watu wanatikisa vichwa. Kuna anayesema moyoni, "Wazee wetu hawa! Kila kitu kitambaa!" Kuna mwingine anasema, "Angekaa tu na uji wake, kitufe cha pili alikitakia nini?" Basi sikilizeni mama huyo alisema nini.

Siku ya pili hospitalini mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe hadi kwenye vifundo. Mama Atupele alikuwa amekaa kando ya kitanda. Mume alisimama dirishani. Mama akazungumza huku akitazama dari.

"Daktari ameniuliza kilichotokea. Nikamweleza. Ameniambia kitu kile hakifunikwi. Amesema watu wanajua." "Wewe, mwanangu, ulikuwa unajua?"

Mama Atupele angeweza kusema hapana. Mume wake aligeuka kutoka dirishani akamtazama.

"Nilikuwa najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nikakuuliza."

"Ndiyo, mama. Uliniuliza." Alikuwa analia sasa. "Niliogopa utakasirika. Nilitaka tuishi kwa amani. Sikutaka kukuumiza."

Mama mkwe akageuza kichwa juu ya mto, akamwangalia. Waliokuwepo wanasema hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo uliona afadhali niungue kuliko ninune."

Wapendwa, ungemjibu nini?

Mikono ilipona, lakini si yote. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, na sindano ya kufumia hawezi kuishika. Wiki zile za mwanzo Mama Atupele alimlisha kwa kijiko. Na siku moja, katikati ya kumlisha uji, akashusha kijiko akasema:

"Mama, kuna jambo. Ukimkemea Atupele mbele ya wenzake, anakaa kimya siku nzima. Ananiambia anaona haya kuleta marafiki hapa."

Mama mkwe alikunja uso. Alikataa uji uliobaki. Akageukia ukuta, akakaa hivyo mchana kutwa. Jioni akaita, "Mama Atupele." Akaitika. "Huyo mtoto mwambie alete wenzake Jumapili. Nitakaa chumbani kwangu nikiona ulimi wangu unawasha." Basi. Nyumba haikuanguka. Mama alinuna mchana mmoja, na ndiyo ilikuwa gharama yote ya ukweli.

Sasa tuje kwetu.

Sisi tuliokaa hapa tunajisifu kwamba tuna heshima. Tunasema mimi sipendi maneno, mimi sipendi kumuudhi mtu. Na kweli, majumbani mwetu hakuna kelele. Lakini hebu tuulizane. Kimya hicho tunamtunzia nani? Ndugu yako unamwona anakunywa tangu asubuhi, na ukifika kwake unamsifu kwa shati lake. Binti yako ameingia kwa mtu ambaye wewe unajua habari zake, nawe unasema ni mambo ya watu wazima, watajijua. Mzee wa kanisa anakosea, sote tunaona, na kila Jumapili tunampa mkono, tunamwambia Mungu akubariki. Tunaita hayo upendo. Mungu anayaitaje?

Angalieni tena yule mwanamke. Hakuwa mjinga, alijua kila kitu kuhusu ile oveni. Wala hakuwa mvivu, aliifuta ndani na nje. Siku ya moto alikuwa hodari kuliko wote: alizima umeme, alizuia mlango usifunguliwe, alimtoa mama, alipoza mikono yake kwa maji. Ushujaa wote huo alikuwa nao. Kilichomshinda ni sentensi moja ya kusema jikoni, Jumamosi, kwa mtu aliyekuwa anamuuliza kwa upole.

Na mume? Yeye ndiye aliyesema tuishi kwa amani. Wanaume wenzangu, hilo neno tunalipenda. Mara nyingi tukilisema huwa tunamaanisha: msinisumbue mimi.

Simwambii mtu atoke hapa akaropoke. Kuna watu wakisikia neno ukweli wanapata ruhusa ya kutukana. Huo nao si upendo. Ninachosema ni hiki: kama unajua jambo linaloweza kumwangamiza mtu, na mtu huyo anakula nawe sahani moja, ukimya wako si adabu. Unajilinda wewe usinuniwe, na gharama inalipwa na mwili wa mwingine.

Leo mkitoka hapa mtarudi nyumbani. Yuko mtu huko ambaye una neno lake, na umelikalia. Unamjua. Nilipokuwa nasema alishakujia akilini, na ukajaribu kumfukuza. Usimfukuze. Nenda kakae naye, mwite kwa jina lake zuri, umwambie kwa upole. Akinuna, mwache anune. Kesho mpelekee uji.