Bibi Lubaba na Ujira wa Mkuyu

Wamepokea wasimulizi kutoka kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Shamu aliishi mkata miti aliyeitwa Hazim bin Rafii, pamoja na mkewe Bibi Lubaba. Hazim alikuwa bingwa wa shoka na kamba. Akiutaka mti ulale kaskazini, ulilala kaskazini. Lakini ulimi wake ulikuwa mzito mno. Akiulizwa bei alikohoa tu, na katika ujana wake walimdhulumu wote waliotaka kumdhulumu. Alipomwoa Bibi Lubaba, mchezo huo ulikwisha. Mama yule alipoyashika mapatano mkononi, hata madalali wa ngamia walimwamkia kwa adabu.

Bibi Lubaba alikuwa na utaratibu wake. Hakuna mti ulioguswa kabla ya kupatana mbele ya mashahidi wawili: ujira ni kiasi gani, shina ni la nani, matawi ni ya nani, na kikivunjika kitu atalipa nani. Theluthi ya ujira ilitangulia, na iliyobaki ililipwa uwanja ukishafagiliwa. Na siku ya kulipwa, kabla hajanyoosha mkono, alisimama akaitaja kazi yote kwa sauti: tulipanda, tulikata, tuliangusha, tulibeba. Kisha akamwuliza mwenye mti, "Umeridhika?" Akijibiwa, "Nimeridhika, ni halali yenu," ndipo alipopokea. Watu wa sokoni walimtania kwamba anatoa khutba ya magogo, naye alicheka pamoja nao. Alijua kwamba haijaingia nyumbani mwake hata dirhamu moja yenye kinyongo cha mtu, na alijivunia hilo. Wala si dhambi, ndugu zangu, mtu kuifurahia halali yake.

Miaka ikapita, Hazim akaanza kuzeeka. Vijana wa kazi ileile wakanong'ona kwamba mikono yake inatetemeka, na maneno ya watu yana miguu, yakafika kwa wateja. Kazi zikapungua. Bibi Lubaba aliyasikia hayo kisimani na sokoni, na kila alipoyasikia yalimchoma, kwa maana alimpenda mumewe na aliijua thamani yake.

Ndipo alipowajia Sheikh Mundhir, mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni na msimamizi wa wakfu wa msikiti mkuu. Msikiti ulikuwa na mvinje mkongwe ulioegemea kuba, na mashamba ya wakfu yalikuwa na miti ya kumlisha mkata miti mpaka mwisho wa umri wake. Sheikh alikuwa mtu mwangalifu. Akasema, "Nyumbani kwangu kuna mkuyu umeinamia nyumba ya jirani. Mimi ninasafiri. Mzee Hazim akiuangusha pasipo kuharibu kitu, nitajua kwamba mkono wake ungalipo, na miti ya wakfu itakuwa kazi yake." Bibi Lubaba akaita mashahidi, mmoja wao mwokaji mikate wa mtaa ule. Wakapatana, na theluthi ikatolewa.

Hazim akapanda, akaanza kuyapunguza matawi ya upande wa jirani. Bibi Lubaba, aliyeshika kamba chini, aliuona mguu wake ukitafuta pa kukanyaga kwa muda mrefu kuliko zamani. Akaomba dua kimoyomoyo.

Usiku huo uliufikia mji upepo ambao watu walikuwa hawajauona mfano wake. Asubuhi walipofungua lango la Sheikh, waliukuta mkuyu umekatika shinani, umelala bustanini kwa urefu wake wote. Ukuta wa jirani ulikuwa salama. Kuta za bustani zilikuwa ndefu, mwenyewe yuko safarini, na majirani walishughulika na mapaa yao. Hakuna aliyejua ila wao wawili na Mola wao. Wakaukata vipande, wakang'oa kisiki, wakafagia.

"Tutamwambia nini Sheikh?" aliuliza Bibi Lubaba walipofika nyumbani.

"Wewe ndiwe ulimi wetu," alijibu Hazim kwa upole. "Utakalolisema, nitalibeba." Kisha akaenda kunoa shoka lake.

Siku zile za kumngojea Sheikh zilikuwa nzito kwa mama yule. Hakutaka utajiri. Alitaka vijana wale wanyamaze, na mumewe apite sokoni watu wakimwinukia kama zamani. Akaitunga sentensi moja, akaitia moyoni: mti umelala bustanini, hakuna kilichovunjika, na uwanja ni safi. Kila neno lilikuwa la kweli. Shetani, Mwenyezi Mungu amlaani, hana haja ya kututwika uongo mzima. Ukweli uliopunguzwa kidogo humtosha. Tena akajiambia kwamba lau wasingeyapunguza yale matawi ya upande wa jirani, mti ungeangukia huko. Basi si ni wao waliouangusha, kwa namna fulani?

Sheikh Mundhir akarudi. Mashahidi wakahudhuria, na mfuko wa fedha ukawa mkononi mwake. Bibi Lubaba akasimama, na sauti yake haikutetemeka.

"Sheikh, mti umelala bustanini, hakuna kilichovunjika, na uwanja ni safi."

"Mashaallah!" alisema Sheikh, huku akilitazama paa la jirani. "Wanaosema mkono wa Hazim umechoka na waje waone hapa!" Mwokaji naye akaitikia kwa takbiri.

Sifa hiyo Bibi Lubaba alikuwa ameitamani kuliko chakula. Sasa imekuja, naye hakuonja utamu wake. Akamtazama mumewe. Hazim alikuwa ameinamisha macho, wala hakuyainua hata Sheikh alipomtaja kwa jina. Bibi Lubaba akaelewa kwamba mtu huyu atatimiza ahadi yake: atalibeba jambo hili kimya mpaka kaburini, na yeye mkewe ndiye aliyemtwika.

"Sheikh, zuia mkono wako," akasema. "Sijaitaja kazi." Akavuta pumzi. "Tulipanda. Tulikata matawi ya upande wa jirani. Kuangusha, hatukuangusha. Uliangushwa na upepo wa Mwenyezi Mungu, nasi tuliukuta umelala. Tuliukata vipande, tuling'oa kisiki, tulifagia. Ujira wa kuangusha si wetu, na neno langu la kwanza nimeliondoa. Astaghfirullah."

"Yarabi, mama wewe!" mwokaji akapiga paja. "Si ungenyamaza tu!"

Sheikh akasema, "Lakini matawi mliyoyapunguza huenda ndiyo yaliyouelekeza huku."

Hapo Hazim, ambaye hakuwahi kusema lolote siku ya malipo, akainua uso. "Huenda, Sheikh. Na huenda siyo. Mimi sikuwapo."

Sheikh Mundhir akawalipa ujira wa matawi, wa kubeba na wa kisiki, wakaridhiana. Kisha akasema kwa huzuni, "Kuba la msikiti ni amana shingoni mwangu. Mkono wa Hazim sikuuona ukiuangusha mti huu, nami siwezi kuukabidhi kuba."

"Umesema haki," alijibu Bibi Lubaba, ingawa neno hilo lilimtoka kwa uchungu.

Njiani machozi yalimlengalenga. Hazim akamwambia, "Usilie. Ulinivisha kanzu ya mtu, ukanivua kabla sijaizoea. Mungu akulipe kheri." Bibi Lubaba akacheka katikati ya machozi.

Kazi ya wakfu akapewa mwingine, naye, tusimpunje haki yake, aliifanya vizuri. Hazim na mkewe hawakutajirika. Walipogoa mizeituni na mizabibu ya watu wa kawaida, wakala, wakatoa sadaka, na khutba ya magogo ikaendelea kama desturi.

Mwenyezi Mungu alipomchukua Hazim, jeneza lake liliwekwa katika msikiti uleule mkuu. Imamu akawageukia watu. "Enyi waumini, mnamshuhudia nini mwenzenu huyu?" Watu wakafungua vinywa wajibu kwa pamoja kama ilivyozoeleka, lakini Sheikh Mundhir, sasa mzee wa mkongojo, akawatangulia kusimama.

"Mimi nina ushahidi wangu mwenyewe," akasema. "Mtu huyu alisifiwa mbele yangu kwa mti ambao hakuuangusha, na nyumba yake ikaikataa sifa ile. Nikamnyima kazi aliyoihitaji, na aliponiona kesho yake akanitolea salamu kwa uso mkunjufu. Nimefanya biashara na watu wa miji mingi. Kwa huyu, ninaapa."

"Nasi tunashuhudia," wakaitikia watu, na msikiti ukavuma.

Bibi Lubaba aliyasikia kutoka upande wa wanawake. Wanasimulia kwamba aliinua kichwa, akawaambia waliokaa naye, "Huyo ni mume wangu."

Ndugu yangu, wewe nami tumepatana na watu wengi, tumelipa na kulipwa. Siku tutakapolazwa mbele yao, ni yupi atakayesimama kabla wenzake hawajajibu?